Kifungu cha 29: kwa nini neno "kuudhi" halikutosha kumfunga mtu

Swali, kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, Kwale:

"Shikamoo wakili. Mdogo wangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba pesa za kisima zimeliwa, akamtaja mwenyekiti wa mradi kwa jina. Wiki iliyofuata akaitwa kituoni, akalala ndani usiku mmoja, kisha akatolewa kwa dhamana ya polisi. Karatasi aliyopewa inasema amevunja kifungu cha 29, kutumia vibaya mfumo wa mawasiliano wenye leseni. Jirani yetu anayesomea sheria anasema Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho zamani. Afisa wa kituoni anasema sheria hutungwa na Bunge na jaji mmoja hawezi kuifuta. Nani mkweli? Na kama kweli kilifutwa, ina maana mtu sasa anaweza kusema lolote?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalowanyima usingizi hapo nyumbani. Jirani yenu amesema kweli. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, Sura ya 411A, kilitangazwa kuwa kinapingana na Katiba tarehe 19 Aprili 2016. Aliyetoa hukumu hiyo ni Jaji Mumbi Ngugi, wakati huo akiwa Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi ambayo sisi mawakili huiita Andare kwa ufupi. Kwa hiyo mdogo wako amebebeshwa kosa ambalo halina tena nguvu kisheria. Lakini karatasi hiyo msiichane, na siku aliyoambiwa aripoti aripoti, nitakueleza sababu baadaye. Kwanza nataka uielewe hukumu yenyewe, maana ukiielewa utaweza kumjibu afisa huyo kwa adabu na kwa hoja.

Andare lilikuwa jambo dogo kama la mdogo wako. Mnamo Aprili 2015 kijana mmoja, Geoffrey Andare, alishtakiwa katika mahakama ya Milimani kwa maneno aliyoyaandika kwenye Facebook. Kwa ufupi alimwambia mtu fulani kwamba si lazima kulala na wasichana wadogo wanyonge ndipo uwape nafasi ya kwenda shule, na kwamba hilo ni aibu. Aliyelengwa akaenda polisi. Andare hakusubiri kesi ya jinai iishe. Alipeleka ombi Mahakama Kuu, akasema kifungu anachoshtakiwa nacho hakieleweki, na kwamba kinaminya uhuru wa kujieleza kupita mipaka ya Katiba. Shirika la Article 19, tawi la Afrika Mashariki, likaingia katika kesi kuunga hoja hiyo. Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wakapinga.

Sasa kitazame kifungu chenyewe. Kilisema kwamba mtu anayetumia mfumo wa mawasiliano wenye leseni kutuma ujumbe wa kuchukiza kupita kiasi, au wa aibu, au wa uchafu, au wa kutisha, ametenda kosa. Sehemu ya pili ikasema ni kosa pia kutuma ujumbe unaojua ni wa uongo kwa nia ya kumletea mtu mwingine kero, usumbufu au wasiwasi usio na sababu. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kosa lilikuwa lote hapo. Hapakuwa na maelezo ya kuchukiza ni nini, kupita kiasi ni kiasi gani, wala kero ya nani ndiyo inayopimwa.

Mimi nilikijua kifungu hiki kwa masikio kabla ya kukijua kwa vitabu. Kama ujuavyo, katika mahakama za mahakimu shtaka huandikwa kwa Kiingereza, na karani humsomea mshtakiwa kwa lugha anayoielewa. Miaka ile kabla ya 2016, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mawakili, niliwasikia makarani wawili, siku mbili tofauti, wakisoma shtaka la kifungu hiki hiki. Wa kwanza alisema, "ujumbe wa matusi makubwa." Wa pili alisema, "ujumbe wa kuchukiza sana." Wote wawili ni watu wa kazi yao, na hakuna aliyekosea. Lakini hayo ni makosa mawili tofauti! Mshtakiwa wa yule karani wa pili alikuwa kijana muuza samaki aliyemwandika mnunuzi wake wa jumla kwa kutolipa deni. Aliposomewa akafikiri kidogo, akajibu, "Kuchukia amechukia, mheshimiwa, lakini nilichosema ni kweli." Hakimu alikuwa mtu makini, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Angekuwa na haraka angeandika amekiri, na kijana angeingia rumande kwa kusema kweli.

Jibu la kijana yule lilikuwa na hoja ambayo wengi hawakuiona. Sehemu ya kwanza ya kifungu haikudai kwamba ujumbe uwe wa uongo. Ukisema kweli, na kweli ikamchoma mtu, ulikuwa ndani ya kosa. Wala haikudai kwamba uwe umekusudia kumchukiza. Ilitosha kwamba ujumbe umetoka kwako, na mtu mwenye mamlaka ya kuamua ameuona unachukiza.

Kuna kanuni ya zamani katika sheria za jinai, nayo hufundishwa mwaka wa kwanza chuoni: sheria inayompeleka mtu jela hufasiriwa kwa kubana, na shaka yoyote humfaa mshtakiwa. Watu hudhani Jaji Mumbi Ngugi alitumia kanuni hiyo tu. Naona alikwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo uzito wa kesi. Nikuonyeshe kwa Kiswahili chetu. Chukua sheria inayosema, "Ni kosa kuangusha paa bila kibali." Je, ni paa wa porini au paa la nyumba? Hapo neno lina maana mbili, na kila moja iko wazi. Jaji atatazama sheria hiyo inahusu nini. Ikiwa ni ya wanyamapori, ni swala mdogo yule. Ikiwa ni ya ujenzi, ni mabati na makuti. Ikibaki shaka, atachagua maana inayomwokoa mshtakiwa, na sheria itaendelea kuishi. Huo ni utata, na mahakama huutatua kila siku.

Lakini "kuudhi", neno ninalotumia kujumlisha kuchukiza na kero za kifungu cha 29, si neno la utata. Kila mtu anajua kuudhi ni nini. Tatizo lake ni kwamba halina ukingo. Mke huudhika kwa neno ambalo shangazi yake angelicheka. Kiongozi huudhika akiulizwa risiti. Ukimpa jaji neno kama hilo aseme mpaka uko wapi, hatakuwa anafasiri sheria iliyotungwa na Bunge. Atakuwa anaitunga mwenyewe, tena baada ya tendo, na mshtakiwa yuko kizimbani. Ndiyo maana Jaji Mumbi Ngugi aliuliza ndani ya hukumu ni nani anayeamua kwamba ujumbe huu unachukiza au unaleta kero, akaona kwamba jibu lingetegemea hisia za kila afisa wa mahakama atakayekutana na kesi. Akahitimisha kwamba kifungu kilikuwa kipana na chenye ukungu kiasi kwamba mtu hawezi kujua mipaka ya anachoruhusiwa kuandika. Aliegemea, pamoja na mengine, hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ya mwaka 1979 katika kesi ya gazeti la Sunday Times dhidi ya Uingereza. Kesi hiyo iliweka kipimo ambacho mimi binafsi nakipenda kwa urahisi wake: haiwi sheria mpaka iwe imeandikwa kwa uwazi unaomwezesha raia kupanga mwenendo wake kwa kuitazama.

Kumbuka kipimo ni cha raia. Wakili mwenye rafu nzima ya vitabu siye anayepimwa hapo. Anayepimwa ni mdogo wako, saa mbili usiku, simu mkononi, kabla hajabonyeza kutuma.

Utajiuliza maneno haya ya ajabu yalitoka wapi. Hayakuzaliwa Nairobi. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza lilirekebisha sheria yake ya posta na kuharamisha ujumbe wa simu wa kuchukiza kupita kiasi, wa aibu, wa uchafu au wa kutisha, na ujumbe wa uongo wa kuleta kero, usumbufu au wasiwasi. Enzi hizo simu ilipitia kwa mpokezi, mara nyingi msichana aliyekaa mbele ya ubao wa nyaya siku nzima, na baadhi ya wapigaji walikuwa wakimtolea maneno machafu. Sheria ile ilimlinda. Maneno yake yakarithiwa na sheria moja baada ya nyingine huko Uingereza, hadi ile ya mawasiliano ya mwaka 2003, na kwetu yakaingia karibu neno kwa neno. Ngao ya mpokezi wa simu ikawa rungu la kumpigia mtu anayeandika kwenye ukuta wake wa Facebook.

Waingereza wenyewe yaliwatatiza. Januari 2010 kijana mmoja, Paul Chambers, aliona uwanja wa ndege aliotarajia kusafiria umefungwa kwa theluji. Kwa hasira ya mzaha akaandika kwenye Twitter kwamba wana wiki moja na kitu wajirekebishe, la sivyo ataulipua. Akashtakiwa kwa ujumbe wa kutisha, akatozwa faini ya pauni 385 na gharama pauni 600. Alihangaika hadi Mahakama Kuu ya Uingereza, na tarehe 27 Julai 2012 hukumu ikatenguliwa. Mahakama ilisema ujumbe usiomtia hofu yule anayeupokea, au anayetarajiwa kuusoma, hauwezi kuitwa wa kutisha. Kule mahakama ililibana neno likabaki na ukubwa wa haki, na kifungu kikabaki.

Kwa nini basi jaji wetu naye hakukibana tu? Swali hilo wanafunzi huniuliza, na si swali baya. Jedwali la Sita la Katiba yetu linataka sheria zilizokuwapo kabla ya 2010 zisomwe kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Yaani Katiba yenyewe inaanza kwa kuomba sheria iokolewe. Lakini Ibara ya 24(2)(b) nayo inasema kwamba kifungu hakitachukuliwa kuwa kinapunguza haki mpaka kiwe wazi na mahususi kuhusu haki inayopunguzwa, na kwa kiasi gani. Na Ibara ya 24(3) inamtwisha mzigo wa kuthibitisha yule anayetetea upunguzaji huo, yaani Serikali, si raia. Neno moja kama "kutisha" unaweza kulibana. Lakini orodha nzima ya kuchukiza, aibu, uchafu, kero, usumbufu na wasiwasi, bila tafsiri ya hata moja, ukiibana yote utakuwa umeandika kifungu kipya. Na kuandika vifungu ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo kukifuta, ambako afisa wenu anakuona ni kuingilia Bunge, kulikuwa kuliheshimu zaidi kuliko kukishona viraka.

Upande wa Serikali ulikuwa na hoja moja nzito, na sitaki kuipita kana kwamba haikuwapo. Walisema uhuru wa kujieleza si wa kila kitu, na Ibara ya 33(3) inamtaka kila mtu aheshimu haki na heshima ya wengine. Hilo ni kweli. Mtu anaweza kuharibiwa jina na uongo wa usiku mmoja kwenye simu, na jeraha hilo halifutiki. Jibu la jaji lilikuwa kwamba heshima ya mtu tayari ina ulinzi wake, nao ni kesi ya madai ya kashfa. Aliyekashifiwa huenda mahakamani akadai fidia. Kama dawa hiyo ipo, ya nini kuleta pingu? Mwaka uliofuata, tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo alikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, kwa mantiki iliyo jirani na hiyo. Tarehe 26 Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita naye akakiondoa kifungu cha 132, cha kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma, katika kesi ya bloga Robert Alai. Hukumu tatu katika mwaka mmoja na siku chache, za majaji watatu, zote zikiuliza kama raia angeweza kujua kosa lake kabla hajalitenda, na kama ilikuwa lazima kumfunga.

Sasa nimrudie afisa wa kituoni. Ana haki kusema sheria hutungwa na Bunge. Lakini Bunge limepewa kazi hiyo na Katiba, na Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 165(3)(d), imeipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama sheria yoyote inapingana nayo. Ibara ya 2(4) inasema sheria inayopingana na Katiba ni batili kwa kiwango cha kupingana kwake. Kwa hiyo jaji hafuti kwa matakwa yake. Anatangaza kwamba Katiba imeshakibatilisha. Awe jaji mmoja au watano, tangazo la Mahakama Kuu lina nguvu ileile mpaka mahakama ya juu iligeuze, na kila hakimu nchini, kuanzia Lodwar hadi Lunga Lunga, amefungwa nalo. Polisi na waendesha mashtaka wamefungwa pia.

Kwamba karatasi ya mdogo wako bado inataja kifungu hicho hakunishangazi, ingawa kunaniuma. Fomu za zamani na mazoea hufa polepole kuliko sheria. India walipata somo chungu la namna hiyo. Mahakama ya Juu ya huko ilikifuta kifungu cha 66A cha sheria yao ya teknolojia ya habari tarehe 24 Machi 2015, katika kesi ya Shreya Singhal. Maneno yake yalifanana na yetu, na hukumu hiyo ilitajwa hata katika Andare. Miaka sita baadaye, mwaka 2021, mahakama hiyo ilielezwa kwamba polisi bado wanafungua kesi kwa kifungu kilichokufa, ikasema imeshtushwa. Oktoba 2022 ikalazimika kuamuru wazi kwamba mtu yeyote asishtakiwe nacho. Uganda nao, tarehe 10 Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilikiondoa kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichomtia hatiani mtu kwa kuvuruga amani, utulivu au faragha ya mwingine kwa mawasiliano ya mtandao. Walikuta ukungu ule ule.

Swali lako la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu vijana wengi wamelijibu vibaya na wakajuta. Hapana, mtu hawezi kusema lolote. Ibara ya 33(2) imeziacha nje propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kuwashawishi watu kuchukia kabila au jamii fulani. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, bado inaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila. Kumtisha mtu maisha yake ni kosa. Na kesi ya madai ya kashfa ipo palepale.

Isitoshe, Bunge lilirudi uwanjani. Mei 2018 ilipita Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Kifungu chake cha 22 kinahusu kuchapisha kwa makusudi habari za uongo ili zichukuliwe kuwa za kweli. Cha 23 kinahusu kuchapisha uongo kwa kujua, uongo unaozua taharuki, vurugu au ghasia, au unaoelekea kumvunjia mtu heshima. Linganisha adhabu, mwanangu. Kifungu cha 29 kilikuwa na shilingi 50,000 na miezi mitatu. Hiki cha 23 kiliandikwa na shilingi milioni tano na miaka kumi. Chama cha mabloga, BAKE, kilikwenda mahakamani. Mwishoni mwa Mei 2018 Jaji Chacha Mwita akavisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo kwa muda, na tarehe 20 Februari 2020 Jaji James Makau akaamua kwamba vinaafiki Katiba. BAKE ikakata rufaa. Kwa hiyo kabla ya kukiegemea au kukiogopa kifungu chochote cha sheria hiyo, wakili wa mdogo wako afungue kumbukumbu za mahakama siku hiyo hiyo na kuangalia kimefikia wapi.

Tofauti ya sheria ile na kifungu cha 29 ni kwamba hii inataka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba habari ni ya uongo na kwamba mwandishi alijua. Ni hatua nzuri. Lakini maneno "kuelekea kumvunjia mtu heshima" yananirudisha palepale kwa muuza samaki wangu. Kashfa ya jinai iliyofukuzwa na Jaji Mativo kwa mlango wa mbele imepenyezwa na Bunge dirishani, tena ikiwa imenenepa. Huo ni mtazamo wangu, na nitaushikilia.

Tuje kwa mdogo wako. Mwambie kwanza asiandike neno jingine kuhusu jambo hili popote, hata la kujitetea. Pili, asifute kitu. Mazungumzo yote ya kundi siku hiyo, kuanzia aliyeuliza kisima kimekwama wapi hadi waliojibu baada yake, yahifadhiwe kama yalivyo. Mashahidi wa mashtaka huja na picha moja ya skrini iliyokatwa, na maneno yakikatwa hubadilika sura. Wakili pia aulize kama picha hiyo ina cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti, inaweza kukataliwa.

Tatu, siku ya kufikishwa mahakamani, pingamizi litolewe kabla hajajibu shtaka. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinataka hati ya mashtaka itaje kosa mahususi, na kosa lililobatilishwa si kosa. Wakili awe na nakala ya hukumu ya Andare mkononi, amkabidhi hakimu na nyingine mwendesha mashtaka. Mara nyingi hapo mwendesha mashtaka huomba muda. Akiomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a), msishangilie na kwenda zenu. Kuondolewa kwa njia hiyo kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea hakumzuii kukamatwa tena kwa jambo lilelile. Anaweza pia kuomba abadilishe shtaka, alete lile la sheria ya 2018, na kifungu cha 214 kinampa nafasi hiyo kabla hajafunga ushahidi wake. Ndiyo maana nilikuambia msiichane ile karatasi: inaonyesha walianza na nini, na tarehe gani.

Ule usiku mmoja ndani nao usiupuuze. Ibara ya 49 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muulize aliambiwa nini, na nani, na saa ngapi, uandike leo angali anakumbuka, pamoja na nambari ya kitabu cha matukio cha kituo.

Mwisho, ukae naye faraghani umuulize jambo ambalo mimi ningemuuliza kabla ya jingine lolote: alijuaje kwamba pesa zimeliwa? Kama aliona taarifa ya benki, risiti au kumbukumbu za kikao, zitafuteni. Kama alisikia tu kisimani, basi hata kesi ya jinai ikianguka, mwenyekiti ana miezi 12 tangu siku ya ujumbe kumshtaki kwa madai ya kashfa, na huko ukweli ndio ngao na ni juu ya mdogo wako kuuthibitisha. Kama hamna pesa za wakili, nendeni Kituo cha Sheria, shirika linalowasaidia wasio na uwezo tangu mwaka 1973. Mbebe ile karatasi ya dhamana, simu yenyewe ikiwa na chaji, na hayo uliyoyaandika.